Mkono wa Mnunuzi

Mgeni anayeanza kukusanya kokeshi, wanasesere wa mbao wa Tohoku, kaskazini mashariki mwa Japani, hupewa ushauri mmoja karibu kila aendako: nunua unachokipenda. Ni ushauri wa kiungwana, na katika miaka niliyoishi Sendai, mkoani Miyagi, nimeusikia kwa wenye maduka, kwa majirani na kwa wageni wenzangu. Sikubaliani nao. Unamweka mnunuzi nje ya jambo, kana kwamba kazi yake ni kupita mbele ya rafu na kuokota kilichokwisha kutengenezwa bila yeye, ilhali wanasesere hawa wamekuwa hivi walivyo kwa sababu ya watu waliowanunua. Rangi zao, sahihi zilizo chini ya miguu wasiyokuwa nayo, hata mpangilio wa koo za mafundi unaofundishwa vitabuni, vyote vina alama ya mkono wa mnunuzi. Aliyeko ugenini hana bibi wa kumweleza kipi ni cha zamani na kipi kimezuka juzi. Yeye ndiye anayehitaji kulijua hilo mapema, maana fedha yake inasikika ndani ya karakana hata kama ulimi wake haujaweza kulitamka jina la fundi.

Kokeshi ni kiwiliwili cha mviringo na kichwa, basi. Hana mikono wala miguu. Hukerezwa kwa mti uitwao mizuki, ambao mbao yake ni nyeupe na laini, au kwa mcheri wenye rangi ya kahawia, baada ya gogo kubanduliwa gome na kuachwa likauke kwa miezi mingi. Uso huchorwa kwa wino mweusi, maua na mistari huwekwa kwa rangi nyekundu na kijani, pengine na njano na zambarau, kisha kazi yote hupakwa nta. Mafundi wa kwanza walikuwa kijiya, watu waliohamahama milimani wakikata miti na kukereza mabakuli na sinia. Waliofanya maskani karibu na chemchemi za maji moto za Tohoku walianza, yapata mwanzoni mwa karne ya 19, kutengeneza vitu vya kuchezea watoto na kuwauzia wakulima waliokuja kuoga. Wakulima hao walikuja shughuli za mpunga zilipopungua, wamebeba mchele wao, wakakaa siku nyingi wakijipikia na kuutoa mwilini uchovu wa shamba. Wakati wa kurudi walihitaji zawadi ndogo, ya bei ndogo, inayoshikika katika kiganja cha mtoto. Na walitaka iwe na rangi nyekundu, kwa kuwa watu wa zama zile waliamini wekundu humkinga mtoto na ndui. Wekundu ambao leo tunauita pambo la jadi uliwekwa pale na hofu ya wazazi.

Kutokana na chemchemi hizo zilichipuka koo. Wataalamu wengi huhesabu 11, ingawa wapo wanaohesabu 10 na wapo wanaofika 12, na tofauti hiyo peke yake ingetosha kumwonya mtu kwamba anayehesabu ana lake. Tsuchiyu, mkoani Fukushima, ana kichwa kidogo chenye duara ndani ya duara utosini, na kiwiliwili kilichozungushiwa mistari. Fundi huiweka mistari hiyo kwa kugusisha brashi kwenye mbao huku kerezo likizunguka, hivyo mkono hutulia na mbao ndiyo inayotembea. Togatta, mkoani Miyagi, ana kichwa kikubwa kilichotandazwa michirizi myekundu kama miale. Yajiro, jirani yake, huchorewa duara za rangi kichwani utadhani amevaa kofia. Kijiyama wa Akita hukerezwa kwa kipande kimoja cha mbao, kichwa na kiwiliwili pamoja. Nambu wa Iwate mara nyingi hana rangi yoyote na kichwa chake hulegea na kutikisika. Naruko ndiye anayejulikana zaidi: kichwa chake hupachikwa shingoni wakati kerezo linazunguka, na ukikizungusha baadaye hutoa mlio mwembamba ambao watu huufananisha na kilio cha mtoto. Ana mabega yaliyopigwa hatua, maua ya krisanthemu kifuani, na utepe mwekundu uliochorwa mbele ya nywele. Ndani ya kila ukoo fundi hupitia kwanza uanagenzi, na mchoro anaoruhusiwa kuuchora ni ule wa mwalimu wake au wa mwalimu wa mwalimu wake. Ndiyo maana mjuzi akimtazama mwanasesere aliyekerezwa mwaka huu anaweza kukutajia babu wa fundi kwa kuangalia jinsi kope ilivyopindwa.

Mfumo huu unapendeza sana, na uzuri wake humfanya mgeni aamini kwamba umeshuka kutoka kale bila kuguswa. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 biashara hii ilikuwa inakata roho. Vitu vya kuchezea vya bati na seluloidi vilifika hadi milimani, watoto wakavipenda, na mafundi wengi wakarudi kukereza mabakuli, wakaenda shamba au wakaacha kabisa. Waliowafufua wanasesere hawakuwa watoto wala wakulima. Walikuwa watu wazima wa mijini wenye elimu na fedha kidogo ya ziada. Mnamo 1928 Amae Tomiya wa Sendai alitoa kitabu cha kwanza kilichohusu kokeshi peke yao. Waliomfuata walipanda milimani wakiwatafuta mafundi mmoja mmoja, wakawasihi waliokwisha kuacha kazi wawashe tena kerezo, wakaorodhesha nani alifundishwa na nani. Koo zenyewe, kama mfumo ulioandikwa na kuchorewa matawi, ni kazi ya wakusanyaji hao. Sahihi nazo ni hivyo hivyo. Fundi aliyemuuzia mkulima hakuwa na sababu ya kuandika jina chini ya kitu ambacho mtoto angekitafuna meno yakiota. Mkusanyaji ndiye aliyetaka jina, kisha akataka na umri wa fundi, na fundi akaandika. Hata jina tunalolitumia sote lilikubaliwa katika mkutano wa Naruko mwaka 1940. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na lake. Kwa ufupi, kitu kilichokuwa cha mtoto kilihamia kabatini kwa mtu mzima, na njiani kikapata cheti cha kuzaliwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tsugaru, ukoo wa mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa. Wanasesere wake hukerezwa kwa mbao moja, na baadhi hupambwa nakshi za Waainu, watu wa asili wa kaskazini mwa Japani, au uso wa Daruma, mtawa wa Kibuddha, kifuani. Ukiwaona ungesema ni wakongwe kuliko wengine, lakini ukoo huo ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakusanyaji wa kwanza walikuwa tayari wameanza kuulizia. Fundi wake mashuhuri, Mori Hidetaro wa chemchemi za Nuruyu, alipata sifa ya nchi nzima alipopendwa na msanii mkubwa wa chapa za mbao, Munakata Shiko. Mji wa Kuroishi, ambao Nuruyu imo ndani yake, ulikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Japani iligawia kila mji yeni milioni 100 za kujiendeleza, na Kuroishi ikatengeneza kokeshi wa dhahabu na mwenzake wa fedha. Baadaye yule wa dhahabu aliuzwa. Sijui mfano mwingine ulio wazi hivyo wa mnunuzi aliyekigeuza kitu mpaka akabaki ameshika thamani peke yake, mbao imekwenda.

Mnunuzi hubadilisha pia maneno yanayouzwa pamoja na kitu. Wageni wengi, nami nimewasikia wakiyasema kwa huzuni ya kweli, huamini kwamba kokeshi walitengenezwa kuwakumbuka watoto waliouawa na wazazi wao katika miaka ya njaa. Hakuna maandishi ya zama za kokeshi wa mwanzo yanayosema hivyo. Hadithi hiyo ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na imeshika kwa sababu ina wasikilizaji: mtu aliyevuka bahari hutaka kununua siri yenye giza, na zawadi ya kutoka bafuni haimtoshi. Muuzaji akiona kwamba uso wa mteja hubadilika anapoisikia, atairudia kesho. Kwa njia hiyo msikilizaji mwepesi wa kuamini amekuwa mtunzi mwenza wa historia ya watu wengine.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuona hili ni geni, kwa kuwa tumekuwa upande wa pili wa mkono huo huo, tena na Wajapani hao hao. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilichapwa Japani. Wachapaji hawakuwa na habari ya maana ya majina yaliyoandikwa kwenye pindo. Nakshi na maneno yalitumwa na wafanyabiashara wa pwani, nao waliyapata kwa kusikiliza wanawake wanasema nini na wanakataa nini dukani. Mwanamke wa Kiswahili aliyekataa mji wa kanga kwa kuwa rangi yake ilikuwa imepoa alikuwa anatoa amri katika kiwanda asichokijua kilipo. Upande mwingine, kuna vinyago. Mtindo wa shetani wa Wamakonde, unaohusishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, ulipata nafasi kwa sababu mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alikubali kuununua na kuutafutia wateja. Leo katika mji wa Ise, mkoani Mie, kuna makumbusho mazima ya sanaa ya Wamakonde yaliyotokana na mapenzi ya wakusanyaji wa Kijapani. Hata hivyo mpingo mwingi sana umeondoka kwetu bila jina la aliyeuchonga. Mtalii hakuliuliza, mwenye duka hakuliandika, na mchongaji akazoea kutotajwa. Tofauti kati ya kinyago hicho na kokeshi haiko katika ustadi. Iko katika swali ambalo mnunuzi mmoja aliliuliza na mwingine hakuliuliza.

Nikishakubali kwamba mnunuzi ana mkono, linalofuata ni namna ya kuutumia. Wengi huanza kwa kutaka mmoja mmoja kutoka kila ukoo, ili rafu ionyeshe ramani ya Tohoku. Rafu ya namna hiyo hupendeza wageni wakija, lakini humfundisha mwenyewe jambo dogo, kwamba koo hutofautiana, jambo ambalo bango la dukani lingemweleza bure. Anayekaa na ukoo mmoja hupata kitu kingine. Mimi nilishika Naruko kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: ni mkoa uleule wa Miyagi, treni inafika, na mtu anaweza kurudi tena na tena. Ukiweka kando kwa kando kazi za mafundi kadhaa wa Naruko, wote wakichora krisanthemu ileile, wote wakikata bega lilelile, macho hulazimika kuacha kutazama ua na kuanza kutazama uamuzi. Huyu ameliinua ua karibu na shingo, kifua kikaonekana kirefu. Yule amechora jicho kwa mstari mmoja wa kope ambapo mwalimu wake alichora miwili. Mwingine hukaza kichwa, mlio wake ni wa juu. Wa nne hukilegeza. Mambo haya hayaonekani mpaka sheria iwe imezoeleka, na mgeni hana njia ya kuizoea sheria isipokuwa kwa kukaa mahali pamoja. Nadhani hii ni kweli kwa maisha ya ugenini kwa jumla, ingawa sitaki kuwabebesha wanasesere mzigo mkubwa kuliko mabega yao. Anayepita miji kumi hurudi na orodha. Aliyekaa mmoja humtambua jirani kwa mwendo wake.

Jambo la pili ni kununua kwa aliye hai. Soko la vitu kuukuu limejaa kokeshi, kwa kuwa kizazi kilichowakusanya katika wimbi la pili la ukusanyaji, la miaka ya 1960 na 1970, kinaondoka duniani na warithi hawana nafasi nyumbani. Hapo fedha kidogo hubeba begi zima, na sitamlaumu anayenunua, maana mwanasesere aliyeachwa anastahili kabati. Ila fedha hiyo haimfikii mtu anayesubiri gogo likauke. Karakana inahitaji mteja wa leo ili iwe na mwanagenzi wa kesho, na uanagenzi huchukua miaka. Mtu akiwa na kumi waliookotwa sokoni na hana hata mmoja aliyemnunua mkononi mwa fundi, amekusanya mabaki ya hamu ya wengine. Kukaa Japani, hata kwa miaka michache, kunampa nafasi ambayo aliye mbali hana: kwenda mpaka mlangoni, kutazama kerezo, kuuliza mchoro huu ni wa nani, kusubiri jibu. Kijapani cha kuvunjika kinatosha. Mafundi wamezoea maswali, ila hawajazoea kusikia muulizaji amerudi.

Pingamizi la kwanza linatoka nyumbani, na lina uzito: mgeni anayebeba vitu vya asili vya watu wengine amejifunza nini kutokana na yaliyotupata sisi? Wamijikenda waliibiwa vigango, nguzo zilizosimikwa kwa ajili ya wafu wa chama cha Gohu, vikauzwa katika maduka ya sanaa na kuishia kwenye makumbusho ya Marekani. Makumbusho ya maumbile na sayansi ya Denver yalikuwa na vigango 30 kabla ya kuamua kuvirudisha Kenya. Naona mfano huu unapaswa kuwa mbele ya macho ya kila Mswahili anayekusanya chochote ugenini, na kwa sababu hiyohiyo naona haumgusi kokeshi. Kigango hakikutengenezwa kiondoke. Kilipandwa mahali pake, kikawa na wajibu kwa walio hai na waliokufa, na kuking'oa ni kuuvunja wajibu huo hata kama aliyeking'oa alilipa. Kokeshi alizaliwa zawadi ya safari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoka na mtu. Kumbeba hadi Tanga ni kuirefusha njia ileile ambayo mkulima wa Fukushima aliianza. Kipimo ninachokitumia ni kama kitu kilitengenezwa ili kimwendee mgeni au ili kikae na wenyewe, na kipimo hicho hakiniruhusu kuchukua sanamu ya kando ya njia wala kibao cha jina la marehemu kutoka nyumba iliyofungwa, hata muuzaji akiviweka kwenye meza moja na wanasesere na kuvipangia bei moja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu, kwa kuwa linatumia hoja yangu mwenyewe. Ikiwa mnunuzi ana mkono, basi mnunuzi anayedai jadi, ukoo na mwalimu anamfunga fundi. Wakusanyaji wa zamani walifanya hivyo waziwazi. Walimletea fundi kazi ya babu yake na kumwomba airudie ilivyo, na yule aliyethubutu kubuni alionekana amepotea. Baada ya vita baadhi ya mafundi, hasa wa mkoa wa Gunma ulio nje ya Tohoku, walizikwepa sheria hizo kabisa, wakaanzisha kokeshi wa ubunifu wenye maumbo mapya, waliochongwa na kuchomwa alama, wasio na ukoo. Kwa nini basi nimshauri mgeni ashike upande wa pingu? Ninakubali nusu ya lawama. Anayenunua nakala za babu peke yake humlipa fundi ili asiwepo. Lakini jadi hii, ikitazamwa kwa karibu, haijawahi kutulia kama wapenzi wake wanavyosema. Tsugaru ni changa. Sura alizochora Mori Hidetaro ujanani na alizochora uzeeni hazifanani, na wakusanyaji wanaojua hutofautisha vipindi vyake kwa kutazama macho tu. Mabadiliko yalipita ndani ya sheria, polepole, na yanamfurahisha anayeijua sheria kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeyaona. Kwa hiyo nikiwa na fedha ya wanasesere wawili, mmoja huwa mchoro wa ukoo na mwingine ni ule ambao fundi mwenyewe anauonea haya kidogo, aliouweka nyuma ya wengine kwa kuwa wateja hawajauzoea. Wimbi la tatu la ukusanyaji, lililoanza yapata 2010 likiongozwa na wanawake vijana wa mijini, lilifanya jambo kama hilo bila nadharia: walitaka wadogo, wa rangi nyororo, hata hereni na vishikio vya vijiti vya kulia. Wazee wa fani walinung'unika. Lakini baada ya tetemeko la Machi 2011, wakati wageni wa chemchemi walipopungua, fedha hizo ndogondogo zilizoingia karakanani zilikuwa za kweli kuliko manung'uniko.

Yapo mengine ninayoyapitia upesi. Wengine husema mtu aliyekwenda ng'ambo kusoma au kutafuta riziki hana haki ya kununua vinyago huku ada za wadogo zake zinasubiri. Ni kweli, na mwenye ada zinazosubiri azilipe kwanza. Lakini kokeshi mpya wa kimo cha sentimita 15 hivi hugharimu yeni elfu chache, na sijaona familia iliyofilisiwa na mkusanyaji anayenunua kwa utaratibu niliousema, kwa sababu utaratibu wenyewe ni wa kungoja. Wengine huogopa sanamu kwa sababu ya dini. Kokeshi hakuwa mungu wa mtu. Alikuwa kitu cha kuchezea, na kwa Muislamu au Mkristo aliyemnunulia mwanawe mdoli wa plastiki sokoni sioni tofauti inatoka wapi. Nisifiche, hata hivyo, kwamba katika tamasha la Septemba huko Naruko hufanyika ibada ya kuwashukuru na kuwachoma wanasesere waliochakaa. Mwenye dhamira inayokataa sanamu za kila namna sina la kumshawishi, wala sitaki.

Linalobaki ni linalotokea mkusanyaji anapoondoka. Kati ya 1945 na 1952 maelfu ya Wamarekani waliishi Japani na majeshi yaliyoikalia nchi baada ya vita, wengine wakiwa na familia, na wengi walirudi kwao na kokeshi. Walifanya walichoshauriwa: walinunua walichokipenda. Leo wanasesere hao hujitokeza katika maduka ya mitumba ya Marekani wakiwa na sahihi ambazo aliyewarithi hawezi kuzisoma, wakichanganywa na wale wa ubunifu na wale wa kiwandani, kwa bei moja. Jua la dirishani limewafuta zambarau, rangi inayokufa kwanza, na mara nyingine mtu mwenye nia njema amewaosha kwa maji, na rangi zao za maji zikaondoka na vumbi. Sahihi peke yake haivuki bahari kama hakuna wa kuisoma ng'ambo ya pili. Nyumbani kwetu, ambako jua ni kali zaidi na wasomaji wa Kijapani ni wachache zaidi, mambo yangekwenda kasi zaidi. Kwa hiyo wangu hukaa ndani ya kabati, mbali na dirisha, na kila mmoja ana karatasi chini yake yenye jina la fundi, mwalimu wake, mahali, mwaka na mchoro ni wa nani, kwa maandishi ya Kijapani na kwa Kiswahili. Nimeandika na bei niliyolipa, ili mrithi atakayeamua kuwauza asipunjwe.